Perki chini ya sakafu: huduma za kusafisha kiwanja cha draiklina Tabora, ipi inalipa

Mwenye kiwanja kilichokuwa na draiklina iliyofua nguo kwa perki, kimiminika chenye sumu kinachoweza kuvujia ardhini, akitaka kukiuza, kujenga upya au kutimiza agizo la kukisafisha, atakutana na profoma za namna nyingi. Yuko anayeuza dawa ya zambarau, yaani pamanganeti ya potasiamu, ya kusukumia ardhini. Yuko wa pampu ya kuvuta mvuke, wa kuchimba na kusomba, wa kuvuta maji na kuyachuja, na wa kulisha vijidudu kwa molasesi. Kila mmoja ana picha nzuri za kazi aliyofanya mahali pengine. Hapa tunazipima huduma hizo kwa ardhi ya Tabora: kichanga juu, mfinyanzi katikati, graniti yenye nyufa chini, na kisima cha jirani uani.

Hukumu tunaitoa mapema. Fedha inayolipa kuliko zote ni ya uchunguzi. Inayofuata ni ya kuchimba kiini cha uchafu na kuvuta mvuke kwa mashine moja. Pamanganeti ina nafasi, lakini ndogo kuliko inavyouzwa. Profoma inayoanza na kilo za dawa kabla ya kuonyesha ramani ya mahali sumu ilipo irudishwe kwa mwenyewe.

Perki, kwa jina la kitaalamu tetrakloroethilini, ni kimiminika kisicho na rangi, chenye harufu tamutamu, na ni kizito: lita moja ina uzito wa kilo 1.62. Ndiyo maana haielei juu ya maji kama petroli. Ikifika kwenye maji ya ardhini inaendelea kuzama mpaka ikutane na tabaka lisilopitika, kisha inatambaa kufuata mteremko wa tabaka hilo, hata kama maji yenyewe yanaelekea upande mwingine. Huyeyuka kidogo sana, kiasi cha miligramu 150 hadi 200 kwa lita, na hapo ndipo ubaya ulipo. Kwa kuwa inayeyuka polepole, dimbwi dogo lililokaa chini ya sakafu linaweza kulisha uchafu kwenye maji kwa miongo mingi. Mwongozo wa maji ya kunywa wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu mikrogramu 100 kwa lita. Marekani inaruhusu 5 tu. Kwa kipimo hicho cha kwanza, lita moja ya perki inatosha kuharibu lita milioni 16 za maji, yaani maboza 1,600 ya lita elfu kumi kumi. Wakala wa saratani wa shirika hilo hilo umeiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu.

Kabla ya kitu kingine chochote, hakikisha kilichotumika ni perki kweli. Baadhi ya madobi hutumia mafuta mepesi ya jamii ya mafuta ya taa, ambayo yanaelea juu ya maji, na usafishaji wake ni kazi nyingine kabisa. Anayekupa bei bila kuuliza swali hilo hajaanza kazi.

Uchunguzi: hapa ndipo pa kumwaga fedha

Perki haimwagiki ovyo kiwanja kizima. Ina milango yake. Wa kwanza ni bomba la kitenganisha maji cha mashine, yaani kifaa kinachotenga maji na perki. Maji yanayotoka pale yanaonekana safi, na watu huyamwaga kwenye sinki au karo bila wasiwasi, lakini yanaweza kubeba perki hadi kiwango chake cha kuyeyuka, yaani miligramu 150 au zaidi kwa lita. Hiyo ni mara 1,500 ya mwongozo tuliotaja. Wa pili ni mahali pa kujazia mashine na kuweka mapipa. Wa tatu ni mlango wa nyuma, kulikotupwa tope la mtambo wa kuchemshia na filta zilizokwisha. Wa nne, ambao Tabora ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa, ni karo lenyewe na shimo lake la kunyonya maji. Mfereji wa majitaka usipokuwepo, kila kilichoingia sinki kimeishia mita mbili tatu chini ya ua. Uchunguzi usiogusa shimo la kunyonya, kwa ardhi hii, tunaupa sifuri.

Mtoa huduma mzuri huanza na kipima mvuke cha mkononi chenye taa ya 10.6 eV, ambacho huiona perki bila shida, akipima hewa ya udongo kwenye matundu ya mita moja yaliyopangwa kila mita mbili au tatu. Hapo anapata picha ya kwanza. Kisha hutoboa kwa keekee ya mkono mpaka mita nne au tano na kuchukua udongo kila nusu mita. Tazama anavyoutunza. Gramu tano za udongo zinatakiwa ziingie kwenye kichupa chenye methanoli palepale, ndani ya sekunde chache tangu kipande kikatwe. Akiutia kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga fundo ili aupime jioni, perki imeshapaa, na majibu yatakayorudi yatasema kiwanja ni safi. Huo ni uongo ambao hakuna aliyekusudia kuusema, na tunauhesabu kuwa kosa la gharama kubwa kuliko yote katika kazi hii.

Panapohisiwa perki yenyewe, udongo hutiwa kwenye chupa pamoja na maji na chembe za rangi nyekundu ya Sudan IV, ukatikiswa. Perki ikiwemo, vitone vyekundu huonekana vikishuka na kutulia chini. Rangi hiyo ishikwe kwa glavu, maana nayo ni sumu. Kwa upande wa maji kuna kanuni ya kukadiria inayokubalika sana: maji yakiwa na zaidi ya asilimia moja ya kiwango cha kuyeyuka, yaani mikrogramu 1,500 hadi 2,000 kwa lita, hesabu kwamba dimbwi liko karibu na sehemu hiyo.

Visima vya uangalizi viwe vitatu kwa uchache, visikae kwenye mstari mmoja, na midomo yake ipimwe kwa levo, la sivyo huwezi kujua maji yanaelekea wapi. Bomba la inchi mbili linatosha. Maungio yawe ya kuzungushana kwa nyuzi. Gundi ya mabomba ya plastiki ina viyeyushi vyake, na maabara itaviona kwenye maji kana kwamba vimetoka ardhini. Kuzunguka sehemu yenye matundu kuwe na mchanga uliochekechwa, juu yake bentonaiti, yaani mfinyanzi unaofura ukilowa na kuziba, ya sentimita 60 au zaidi, kisha saruji. Kisima kisicho na bentonaiti ni bomba la kuteremshia uchafu wa juu kwenda chini.

Sasa jambo linalotofautisha mjuzi na mbabaishaji. Chini ya kichanga cha Tabora mara nyingi kuna moramu, halafu mfinyanzi uliotokana na graniti iliyooza, halafu changarawe ya jiwe bovu, ndipo mwamba wenye nyufa. Mfinyanzi huo ndio sahani inayoshikilia perki isizame zaidi. Mchimbaji anayeleta rigi na kutoboa katikati ya kiini cha uchafu mpaka kwenye mwamba ameitoboa sahani hiyo. Perki ikiingia kwenye nyufa za graniti hakuna huduma kati ya hizi itakayoitoa yote, kwa bei yoyote. Kwa hiyo kazi iende kutoka nje kuelekea ndani. Kisima kirefu, kama kinahitajika, kikae pembeni ya uchafu, na kiwe na kesingi, yaani bomba la kushikilia kuta zake, iliyozibwa ndani ya mfinyanzi kabla ya kuendelea chini. Muulize mkandarasi swali moja tu: utatoboaje bila kupitisha uchafu chini? Akisitasita, mwache.

Sampuli za maji nazo zina adabu yake. Kuteka kwa ndoo au kichotea kunachanganya maji na hewa, na perki hutoka pamoja na mapovu. Njia bora ni pampu ya taratibu, mililita 100 hadi 500 kwa dakika, usawa wa maji kisimani usishuke zaidi ya sentimita 10 hivi. Kama pampu hiyo haipatikani, mfuko mwembamba wa polithini uliojazwa maji safi ya maabara, ukaning'inizwa kwenye sehemu ya matundu kwa wiki mbili, hutoa majibu mazuri kwa gharama ndogo, na kwa mji ulio mbali na maabara sisi tunaupendelea. Maji huwekwa kwenye kichupa cha kioo cha mililita 40 chenye utando wa tefloni, matone ya asidi ya hidrokloriki yakiwa ndani. Kikishafungwa kinapinduliwa kichwa chini na kugongwa kwa kidole. Kiputo kikipanda, rudia. Kisha barafu, karibu nyuzi 4, na siku 14 za kufika na kupimwa. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa reli, kwa hiyo barafu ya kubadilisha njiani ipangwe mapema. Kila kasha la sampuli lisindikizwe na kichupa cha maji safi kisichofunguliwa safari nzima. Nacho kikikutwa na perki, kasha lote halina maana.

Majibu yakija, yasome majina yote. Perki inapooza ardhini hugeuka kuwa trikloroethilini, kisha sisi-dikloroethilini, kisha vinili kloridi, na mwisho ethilini isiyo na madhara. Vinili kloridi ni mbaya kuliko mama yake: mwongozo wa maji ya kunywa ni mikrogramu 0.3 tu kwa lita. Maabara iliyopima perki peke yake imefanya robo ya kazi.

Kuchimba na kuvuta mvuke: tunaipa 8 kati ya 10

Kiini cha uchafu kwenye draiklina mara nyingi ni kidogo kuliko hofu ya mwenye kiwanja: chini ya kitenganisha maji, nyuma ya mlango, kuzunguka shimo la kunyonya. Mita za ujazo 20 zikitoka mahali sahihi zinaweza kuondoa sehemu kubwa ya perki yote iliyopo. Zikichimbuliwa hufura na kuwa kama 26, yaani tipa nne za mita za ujazo 7.

Msimu ni wa kuchagua. Mvua za Tabora huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Chimba Agosti hadi Oktoba, maji ya ardhini yakiwa chini. Kichanga hakisimami chenyewe: kuta zikipita mita moja na nusu ziwekewe mbao na miimo, na msingi wa jirani usikaribiwe zaidi ya kina cha shimo lenyewe bila mhandisi kuangalia. Kabla ya kufukia, kuta na sakafu ya shimo zipimwe. Wakandarasi wengi hufukia kwanza, na hapo hakuna tena namna ya kujua kilichobaki.

Swali gumu ni udongo unakwenda wapi. Dampo la manispaa si mahali pake. Wala usianikwe juani ili harufu ipotee, maana harufu hiyo ndiyo perki, na mvuke wake ni mzito mara tano na zaidi kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kuingia vyumba vya jirani. Hatari kubwa kwa Tabora ni kifusi hicho kuangukia kwa wafyatua matofali. Udongo wenye perki ukiingia kwenye tanuru hutoa gesi za sumu za hidrokloriki na fosjini, na moshi wake unaweza kuwa na dayoksini. Mkataba utaje kwa maandishi anayepokea udongo, awe na kibali cha taka hatarishi, na barua yake ya kukubali iwe mkononi kabla jembe la kwanza halijashuka.

Huduma tunayoipenda zaidi huukwepa usafiri huo wote. Udongo unalundikwa palepale kiwanjani juu ya karatasi nzito ya plastiki yenye kingo zilizoinuliwa. Ndani ya lundo hulazwa mabomba ya matundu ya inchi mbili, yakaachana mita moja na nusu, kisha turubai nzito hufunika lote. Blowa moja huvuta hewa kutoka kwenye lundo na, kwa valvu tofauti, kutoka kwenye visima vya mvuke, yaani mabomba ya matundu yaliyosimikwa kwenye ardhi isiyochimbwa. Perki hupaa kwa urahisi, na joto la Tabora linasaidia. Kwenye kichanga kikavu kisima kimoja cha mvuke hufikia mita 3 hadi 8 kuzunguka. Kwenye mfinyanzi au mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, ukifika mita moja shukuru.

Hewa inayotoka haiachiliwi hivi hivi. Inapita kwanza kwenye pipa la kunasa maji, kisha mapipa mawili ya mkaa amilifu yaliyofuatana. Unapima katikati ya mapipa. La kwanza likianza kupitisha, linatolewa, la pili linasogezwa mbele, na jipya linakaa nyuma. Kwa hewa yenye perki nyingi, hesabu kwamba mkaa hubeba karibu moja ya kumi ya uzito wake. Kilo 20 za perki zinataka kilo 200 za mkaa, na zaidi hewa inapopungua uchafu. Hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 50 hupunguza uwezo huo sana. Mkaa wa kupikia, hata kama Tabora imejaa, hauchukui nafasi yake, maana hauna vitundu vidogo vinavyonasa mvuke. Na mkaa amilifu uliotumika ni taka hatarishi: usichomwe, usigawiwe.

Kinachoharibu huduma hii ni vitu vitatu. Hewa hupenya juu ya ardhi karibu na kisima na kuzunguka njia fupi, na dawa yake ni plastiki iliyotandazwa juu ya ardhi na kukandamizwa. Maji hupanda msimu wa mvua na kuzamisha matundu, hivyo anza Mei. Umeme nao hukatika, blowa ikalala, na mlinzi asijue kuiwasha tena. Dai mita ya saa kwenye blowa, usilipe kwa mwezi wa kalenda. Kipimo cha perki kwenye hewa inayovutwa kikishuka, blowa izimwe wiki mbili hadi nne, iwashwe tena na hewa ipimwe. Kipimo kikiruka juu, bado kuna akiba chini.

Inapoteza alama mbili kwa sababu haiwezi kitu chini ya usawa wa maji.

Pamanganeti: 5, na 2 kama kuna mbuga

Kemia yake ni ya kweli. Kilo moja ya perki inaliwa na kilo 1.27 za pamanganeti, na kinachobaki ni kaboni dayoksaidi, chumvi na manganizi dayoksaidi. Wauzaji huishia hapo kwenye hesabu, na hapo ndipo mteja anaumia.

Chukua kiini cha mita 6 kwa 5, kina cha mita 4. Ni mita za ujazo 120, karibu tani 204 za udongo. Ikiwa wastani wa perki ni miligramu 50 kwa kilo, perki yote ni kilo 10 hivi, na pamanganeti ya kuimaliza ni kilo 13. Lakini udongo wenyewe nao unakula: mizizi, mboji, madini ya chuma. Udongo unaokula gramu 2 kwa kilo, ambao si mlafi, utameza kilo 408. Mbuga nyeusi inayokula gramu 10 itameza tani mbili kabla perki haijaguswa. Kwa hiyo mkandarasi asiyepeleka kilo chache za udongo wako maabara kupima ulaji huo, kabla ya kutaja idadi ya mapipa, anakuuzia bahati nasibu.

Endelea na hesabu ile ile. Kilo 408 kwa mchanganyiko wa asilimia 2 ni lita 20,400. Ardhi inapokea taratibu, tuseme lita 5 kwa dakika kwa tundu. Kwa matundu sita yanayopokea kwa pamoja ni saa 11 na zaidi bila kusimama. Anayesema atamaliza asubuhi moja atasukuma kwa nguvu, na maji ya zambarau yatatafuta njia rahisi: kando ya bomba la zamani, kwenye tundu la mchwa, au juu ya sakafu. Yatapita kwenye kichanga na kuruka mfinyanzi, na perki imejificha ndani ya mfinyanzi huo huo. Miezi michache baadaye inachuruzika tena kutoka humo na namba zinarudi juu. Manganizi dayoksaidi nayo huziba vitundu, hivyo mzunguko wa pili huingia kwa shida kuliko wa kwanza.

Mambo mawili hayapo kwenye vipeperushi. Pamanganeti inaweza kugeuza kromiamu iliyotulia kwenye udongo kuwa kromiamu sita, ambayo ni sumu na husafiri na maji. Ipimwe kabla na baada. Pili, kisima cha jirani kilicho karibu kinaweza kutoa maji ya waridi. Kama hakuna mpango wa kumpa maji ya bomba wakati wote wa kazi, usiruhusu tundu hata moja. Mji una maji ya Ziwa Victoria pamoja na ya mabwawa ya Igombe na Kazima, kwa hiyo kisingizio hakipo. Na jirani asiambiwe achemshe maji ya kisima. Kuchemsha kunahamisha perki kutoka sufuriani kwenda kwenye hewa ya jikoni, na vidonge vya klorini haviigusi.

Upatikanaji wake una masharti. Pamanganeti ya potasiamu imo kwenye orodha ya kimataifa ya kemikali bashirifu, yaani zinazoweza kutumika kutengeneza dawa za kulevya, kwa hiyo ununuzi na usafirishaji wa mapipa unapitia vibali, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo pa kuanzia. Kuidunga ardhini ombea ruhusa ya maandishi NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambalo Tabora imo. Kiwanjani ikae mbali na mafuta, gliserini, pumba za mbao na matambara, maana inawasha moto yenyewe. Karibu na wafanyakazi kuwe na ndoo ya maji ya kunawia macho na mchanganyiko wa sodiamu thiosulfati wa kuua kinachomwagika.

Tunaitumia wapi? Baada ya kuchimba, kwenye sakafu ya shimo lililo wazi, ikachanganywa na udongo kwa ndoo ya ekskaveta badala ya kudungwa. Hapo inagusa kila kitu, na ile 5 inakuwa 7.

Zilizobaki

Molasesi na mafuta ya alizeti kwa ajili ya vijidudu zinavutia kwa bei, na malighafi zipo nchini. Kazi inafanywa na bakteria wa jamii ya Dehalococcoides, ambao hawapo kila mahali na hawapendi hewa wala uchachu. Maji ya graniti kwa kawaida hayana nguvu ya kuzuia uchachu. Molasesi ikichacha, pH ikashuka chini ya 6, mnyororo unakwama kwenye sisi-dikloroethilini au vinili kloridi. Umebadilisha sumu moja kwa nyingine kali zaidi, na kisima cha jirani kiko pale pale. Kwa kiwanja chenye visima vya kunywa karibu tunaipa 3. Kwa kiwanja cha pembezoni kisicho na kisima, chenye vipimo vya pH na bakteria kila robo mwaka, inaweza kufika 6.

Kuvuta maji na kuyapitisha kwenye mnara wa hewa au mkaa amilifu kunazuia uchafu usisambae. Hakumalizi. Visima vya graniti iliyooza hutoa maji kidogo, pampu inavuta hewa, na uchafu unapungua haraka miezi ya mwanzo kisha unaganda pale pale miaka na miaka. Nunua kama kizuizi cha muda, kwa jina hilo. Tunaipa 4.

Unga wa chuma unavunja perki vizuri. Ukuta wa kwanza wa kibiashara wa chuma hicho, uliozikwa ardhini ili maji machafu yapite ndani yake, ulijengwa Sunnyvale, California, katikati ya miaka ya 1990, kutokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo cha Kanada. Vumbi la karakana za hapa lisitumike kama lilivyo: lina mafuta ya kukatia chuma yanayofunika chembe, na chuma cha pua hakifanyi kazi. Kwenye shimo lililo wazi, asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa udongo pamoja na bentonaiti ni mshindani wa haki wa pamanganeti, na haileti maji ya waridi kwa mtu.

Cha kuandika kwenye mkataba

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inafuata kanuni ya mchafuzi hulipa, kwa hiyo mnunuzi wa kiwanja asikubali kurithi deni lisilopimwa. Malipo yagawanywe: theluthi baada ya ramani ya uchafu kukamilika, theluthi baada ya kazi ya ardhini, na ya mwisho ibaki mkononi mwako kwa mwaka mzima. Ndani ya mwaka huo pawe na vipimo vinne, kimoja kikiangukia Oktoba kabla ya mvua na kimoja Machi au Aprili, maji yakiwa juu. Namba za Oktoba peke yake hazitoshi. Maji yakipanda huosha udongo uliokuwa mkavu, na uchafu uliobaki hujitokeza hapo. Sampuli zichukuliwe na mtu asiyelipwa na mkandarasi, na karatasi ya maabara ije kwako moja kwa moja, ikiwa na kiwango cha chini ambacho mashine yao inaweza kuona. Jibu la "haikuonekana" kutoka kwa mashine isiyoona chini ya mikrogramu 50 halisemi lolote kuhusu vinili kloridi ya 0.3.

Wafanyakazi wavae vifuniko vya pua vyenye katriji ya mvuke wa kemikali za oganiki. Barakoa ya vumbi haizuii chochote hapa. Hakuna kuchomelea wala kuvuta sigara karibu na shimo, kwa sababu perki ikipita kwenye moto huzaa fosjini. Kama nyumba itabaki na watu, bomba la inchi nne lipite chini ya sakafu mpaka juu ya paa likiwa na feni ndogo isiyozimwa, na nyufa za sakafu zizibwe. Hiyo ni kazi ya siku mbili tatu, na ni huduma pekee katika orodha hii inayomlinda aliye ndani kuanzia jioni ile ile.

Visima vya uangalizi vikimaliza kazi visiachwe na kifuniko cha plastiki. Vijazwe mchanganyiko wa saruji na bentonaiti kuanzia chini kwenda juu kwa kutumia bomba jembamba, na malipo ya mwisho yatoke baada ya mkaguzi wako kuona kila kimoja kimejaa mpaka mdomoni.